UZI: John Dillinger, jambazi wa benki aliyeishi kwa kuvuka mipaka ya majimbo

#1 Mtoa mada

Wanajukwaa, salaam.

Kila mjadala wa ujambazi unapoanza humu ndani, hauchukui muda kabla ya jina la John Dillinger kutajwa, na mara nyingi hutajwa kwa sifa, kana kwamba mtu huyu aliingia benki kuwalipia kisasi wakulima waliodhulumiwa. Nimeona nilete habari zake kwa urefu. Naomba msamaha mapema kwa wale wasiopenda maandishi marefu.

Hoja yangu ni hii: Dillinger alikuwa jambazi wa kawaida kuliko tunavyoambiwa. Kilichompa umaarufu ni nchi aliyofanyia kazi, ambamo askari aliishia mpakani mwa jimbo lake ilhali mwizi akiwa na gari zuri haishii popote. Tangu alipotoka gerezani Mei 1933 hadi alipouawa Julai 1934 ilipita miezi 14 tu. Ndani ya muda huo alipora benki katika majimbo kadhaa, akatoroka mikononi mwa vyombo vya dola mara mbili, na serikali kuu ya Marekani ikalazimika kujitungia sheria ambazo haikuwahi kuwa nazo.

Alizaliwa Indianapolis, makao makuu ya jimbo la Indiana, tarehe 22 Juni 1903. Baba yake alikuwa mwenye duka la vyakula, mtu wa kanisani na mkali. Mama alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka minne, hivyo akalelewa na dada yake mkubwa, Audrey, mpaka baba alipooa tena. Baadaye familia ilihamia shambani karibu na mji mdogo wa Mooresville, kwa matumaini kwamba hewa ya shamba ingemtuliza kijana. Haikumtuliza. Mwaka 1923 alijiunga na jeshi la majini, akapangiwa manowari ya USS Utah, na baada ya miezi michache akatoroka meli ikiwa imetia nanga Boston. Aprili 1924 alioa, lakini ndoa yenyewe haikupata nafasi ya kukua.

Usiku wa tarehe 6 Septemba 1924, yeye na mwenzake aitwaye Ed Singleton walimvizia mzee mwenye duka hapo Mooresville, Frank Morgan, alipokuwa akirudi nyumbani. Dillinger alimpiga mzee huyo kichwani kwa kipande cha chuma kilichofungwa kitambaa. Mapato yanayotajwa zaidi ni dola 50. Walikamatwa upesi, kwa sababu Mooresville ulikuwa mji ambao kila mtu alimjua mwenzake.

Hapa ndipo pananifanya nimwonee huruma kidogo, na ni hapa peke yake. Baba yake alimshauri akiri kosa, akiamini maneno ya upande wa mashtaka kwamba mahakama ingekuwa na huruma, na kijana akasimama mbele ya hakimu bila wakili. Akahukumiwa kifungo cha kati ya miaka 10 na 20. Singleton, ambaye alikana mashtaka na kupata wakili, alipewa adhabu nyepesi zaidi na akatoka miaka mingi kabla ya mwenzake. Msomaji anaweza kufikiria mwenyewe kijana wa miaka 21 alikaa gerezani akiwaza nini kuhusu ukweli na malipo yake.

Alianzia gereza la vijana la Pendleton, na mwaka 1929, mwaka ambao mkewe alipata talaka, akahamishiwa gereza kuu la jimbo huko Michigan City. Kule Pendleton alikuwa amekwisha kufahamiana na Harry Pierpont na Homer Van Meter, na Michigan City ikamwongezea Charles Makley, Russell Clark, John Hamilton na Walter Dietrich. Huyu Dietrich ndiye wa kumtazama vizuri. Aliwahi kuwa katika genge la Herman Lamm, aliyekufa mwaka 1930 baada ya uporaji wa benki kuharibika huko Clinton, Indiana, na kwa mdomo wa Dietrich mbinu za Lamm zikawa somo la gerezani.

Mbinu zenyewe zilikuwa za kiofisi kuliko za kijambazi. Kwanza mtu hutumwa kuiangalia benki kwa siku kadhaa, akachora ramani ya ndani, akajua sefu linafunguliwa saa ngapi na nani ana funguo. Kila mmoja hupewa kazi moja asiyoivuka: wa ukumbini, wa kwenye sefu, wa mlangoni, wa kwenye usukani. Muda huwekwa kabla, na ukiisha watu wanatoka hata kama fedha zimebaki mezani. Muhimu kuliko yote, njia ya kukimbilia huendeshwa mapema, na kila kona huandikwa pamoja na namba inayoonyeshwa na kipima umbali cha gari, ili siku ya tukio dereva asome karatasi badala ya kubahatisha.

Wakakubaliana: Dillinger, ambaye angetoka kwanza, atafute fedha, anunue silaha na kuziingiza gerezani ili wenzake watoroke. Mei 1933 gavana wa Indiana alimwachilia kwa masharti, baada ya ombi lililotiwa saini na wakazi 188 wa Mooresville, akiwemo mzee Morgan mwenyewe. Alifika nyumbani mama yake wa kambo ameshafariki. Tarehe 21 Juni, siku moja kabla ya kutimiza miaka 30, alipora benki yake ya kwanza, katika mji wa New Carlisle, jimbo la Ohio, na kuondoka na takribani dola 10,000.

Nitaendelea.

#2 Mchangiaji

Asante sana, mkuu. Kabla hujaendelea, naomba ufafanuzi wa jambo ulilolipita haraka. Unasema askari aliishia mpakani mwa jimbo. Marekani ni nchi moja, ina rais mmoja na jeshi moja. Iweje mwizi wa benki avuke mto na kuwa salama?

#3 Mtoa mada

Swali zuri, ndugu, maana ndilo uti wa mgongo wa uzi huu.

Mwaka 1933, kupora benki lilikuwa kosa la jimbo. Polisi wa mji walikuwa wa mji, sherifu, yaani mkuu wa polisi, alikuwa wa kaunti, na kila jimbo lilikuwa na sheria zake na mahakama zake. Mtu akipora Ohio na kuingia Indiana, wa Ohio hawakuwa na mamlaka ya kumfuata, na wa Indiana hawakuwa na kosa la kumshtaki nalo, isipokuwa baada ya barua na maombi ya kumrudisha alikotoka. Serikali kuu ilikuwa na Idara ya Upelelezi chini ya J. Edgar Hoover, iliyokuja kuitwa FBI mwaka 1935, lakini haikuhusika na uporaji wa benki, na hadi katikati ya 1934 sheria haikuwapa maofisa wake mamlaka kamili ya kubeba silaha na kukamata.

Wakati huohuo, kampuni ya Ford ilikuwa imetoa mwaka 1932 gari lenye injini ya V8 ambalo mtu wa kawaida angeweza kulinunua, na mwizi kuliiba. Miji mingi ya mashambani haikuwa na gari la polisi la kulifikia. Chukua ramani, weka kidole kwenye Chicago, kisha uone jinsi Illinois, Indiana, Ohio, Michigan na Wisconsin zinavyokaribiana. Saa chache za barabara zilitosha kupita majimbo mawili.

Kuhusu hali ya wananchi wenyewe, kati ya 1930 na 1933 zilifungwa benki zipatazo 9,000, na kwa sababu amana hazikuwa na bima ya serikali kuu, akiba za watu zilipotea nazo. Takribani mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Mashamba yalinadiwa. Bima ya amana ilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 1934, ikilinda hadi dola 2,500 kwa kila mwenye akaunti. Kwa hiyo Dillinger alipoanza kazi mwaka 1933, benki ilikuwa neno chungu vinywani mwa watu, na aliyeipora hakuchukiwa kama ambavyo angechukiwa miaka kumi kabla.

Turudi kwenye mkasa. Septemba 1933 Dillinger alikamatwa Dayton, Ohio, alikokwenda kumwona mwanamke, akafungiwa katika jela ya kaunti mjini Lima. Lakini silaha alikuwa ameshazipenyeza. Zilifichwa ndani ya sanduku la nyuzi lililopelekwa kwenye karakana ya kushona mashati ndani ya gereza la Michigan City, na tarehe 26 Septemba wafungwa 10 wakatoka kwa mlango wa mbele wakiwa wamewatanguliza maofisa wa gereza kama ngao.

Tarehe 12 Oktoba Pierpont na wenzake walifika Lima kulipa deni. Walimkuta sherifu Jess Sarber ofisini, mkewe akiwa karibu, chakula cha jioni kikiwa kimekwisha. Wakajitambulisha kuwa maofisa kutoka Indiana waliokuja kumchukua mfungwa. Tazameni uongo wenyewe: ulisimama juu ya taratibu zilezile za kukabidhiana wafungwa kati ya majimbo. Sarber akaomba kuona vitambulisho. Pierpont akampiga risasi. Wakachukua funguo, wakamtoa Dillinger, na sherifu akafa usiku huohuo.

Baada ya hapo wakavamia vituo vya polisi vya Auburn na Peru, miji ya Indiana, na kuchukua bunduki za rashasha na fulana za kuzuia risasi. Mwizi aliyevaa fulana ya polisi na kushika rashasha ya polisi anakuja kupora benki inayolindwa na polisi mwenye bastola. Oktoba 1933 walichukua kiasi cha dola 74,000 huko Greencastle, Indiana, na Novemba wakaingia benki ya Racine, Wisconsin.

#4 Mchangiaji

Nimesoma kwa makini, ila napingana na mtoa mada katika jambo moja. Inasimuliwa kwamba katika uporaji wa Greencastle, Dillinger alimkuta mkulima amesimama dirishani na fedha zake, akamuuliza kama ni zake au za benki, na alipoambiwa ni zake akamwachia, kwa kuwa yeye alitaka za benki tu. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwekwa kapu moja na vibaka. Isitoshe, benki ndizo zilizowanyang'anya watu mashamba.

#5 Mtoa mada

Kisa cha mkulima kinasimuliwa sana, na si ajabu kilitokea kweli au kitu kinachofanana nacho. Dillinger alijua thamani ya kusemwa vizuri. Alivaa suti nzuri, aliruka meza za makeshia kwa mbwembwe, na alizungumza na mateka kwa upole pale ilipowezekana. Lakini tukubali hesabu ilivyo. Hakuna kumbukumbu ya fedha alizogawa kwa maskini, wala hati ya rehani aliyoichoma kwa ajili ya mkulima. Tena kabla ya 1934 amana hazikuwa na bima, hivyo benki ndogo ikiporwa, aliyekuwa hatarini ni mwenye akiba, si tajiri wa New York.

Waliokufa nao wana majina. Sarber nimemtaja. Tarehe 15 Januari 1934, katika uporaji wa benki ya East Chicago, aliuawa askari William Patrick O'Malley, na haya ndiyo mauaji ambayo Dillinger mwenyewe alishtakiwa kwayo. Juni mwaka huohuo, huko South Bend, akauawa askari Howard Wagner, aliyekuwa barabarani akiongoza magari. Kwa hesabu ya FBI, genge liliua watu 10 na kujeruhi 7. Hawa hawakuwa wenye benki. Walikuwa watu wa mshahara, katika mwaka ambao mshahara ulikuwa adimu.

#6 Mtoa mada (inaendelea)

Baada ya East Chicago, genge lilikimbilia Tucson, Arizona, kupumzika mbali na baridi na mbali na polisi waliowajua. Tarehe 23 Januari moto ulizuka katika Hotel Congress walimofikia baadhi yao. Wakawaomba wazimamoto wawashushie mizigo yao mizito, wakawapa bakshishi ya kutosha kukumbukwa. Siku iliyofuata mmoja wa wazimamoto aliziona sura zao katika jarida la habari za uhalifu. Tarehe 25 Januari polisi wa mji ule mdogo waliwakamata mmoja baada ya mwingine kwa hila, bila kufyatua risasi.

Kilichofuata kinanichekesha kila nikisoma. Wajumbe wa majimbo matatu walimiminika Tucson kugombea wafungwa kama wachuuzi kwenye mnada wa samaki. Wisconsin iliwataka kwa ajili ya Racine, Ohio kwa ajili ya Sarber, Indiana kwa ajili ya O'Malley. Wafungwa wenyewe walitamani Wisconsin, na sababu yao ilikuwa nzuri: jimbo hilo halikuwa na adhabu ya kifo. Mwisho Pierpont, Makley na Clark wakapelekwa Ohio, na Dillinger akapandishwa ndege kurudishwa Indiana, kwenye jela ya Crown Point.

Sherifu wa pale alikuwa Lillian Holley, mwanamke aliyerithi wadhifa baada ya mumewe kuuawa kazini. Jela ilizungukwa na walinzi wenye silaha, na magazeti yakaandika kwamba haitorokeki. Siku ya kufika, wapiga picha walimkuta Dillinger ameegemeza kiwiko chake begani mwa mwendesha mashtaka Robert Estill, wote wakitabasamu mithili ya marafiki wa shule. Picha ile ilizunguka nchi nzima na ikamharibia Estill siasa zake.

Asubuhi ya tarehe 3 Machi 1934, Dillinger alimwekea mlinzi bastola, akawafungia walinzi mmoja mmoja, akachukua rashasha mbili za jela, na pamoja na mfungwa mwingine aitwaye Herbert Youngblood akatoka hadi gereji ya jirani. Humo aliichagua Ford V8 ya sherifu mwenyewe. Akaondoka na mateka wawili, naibu sherifu na fundi wa gereji, akawashusha ndani ya Illinois na kuwapa dola chache za nauli. Bastola ile, kwa maelezo yake, ilikuwa kipande cha mbao kilichochongwa na kupakwa dawa ya viatu. Baadaye alipiga picha nyumbani kwa baba yake akiwa ameshika kipande hicho mkono mmoja na rashasha mkono wa pili. Wapo wanaoshikilia kwamba iliingizwa bastola ya kweli kwa fedha, na mjadala huo haujaisha.

Kosa lake la siku ile halikuwa bastola. Lilikuwa gari. Tangu 1919 kulikuwa na sheria ya serikali kuu iliyokataza kuvusha gari la wizi kutoka jimbo moja kwenda jingine. Alipovuka kuingia Illinois na Ford ya sherifu, kwa mara ya kwanza Dillinger akawa na kosa linalowahusu watu wa Hoover. Kuua askari hakukuwapa ruhusa ya kumwandama. Kuiba gari na kuvuka mstari ambao hata hauonekani barabarani kukawapa.

#7 Mchangiaji

Mkuu, hapo umenishangaza. Yaani aliyevunja jela, akachukua mateka na silaha za serikali, akafuatwa na serikali kuu kwa sababu ya gari! Hebu endelea, maana nadhani hata baada ya hapo hakukamatwa upesi.

#8 Mtoa mada

Hakukamatwa. Siku tatu baada ya Crown Point alikuwa Sioux Falls, South Dakota, akipora benki na genge jipya: Van Meter, Hamilton, Tommy Carroll, Eddie Green, na Lester Gillis, kijana mfupi mwenye hasira aliyejulikana kama Baby Face Nelson. Wiki moja baadaye, tarehe 13 Machi, wakaingia Mason City, Iowa. Tukio hili nalieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu linaonyesha kazi yenyewe ilivyokuwa bila mapambo.

Benki ile ilikuwa na mlinzi ndani ya kizimba cha chuma kilichojengwa juu ya ukumbi, kikiwa na kioo kisichopenya risasi. Majambazi walipoingia wakifyatua hewani, mlinzi alirusha bomu la machozi, ukumbi ukajaa moshi. Wa kwenye sefu alikuwa Hamilton. Keshia aliyebaki upande wa pili wa mlango wa nondo alianza kumpitishia vibunda vya noti za dola moja moja, taratibu, huku noti kubwa zikiwa zimepangwa nyuma yake. Hamilton aliona anachezewa, lakini muda ulikuwa unakwisha. Waliondoka na takribani dola 52,000 na kuacha zaidi ya 200,000. Nje, jaji mzee aliyekuwa dirishani ghorofani alifyatua bastola yake kuukuu na kuwapata begani Dillinger na Hamilton. Wakapakia mateka kiasi cha 20 kwenye gari, wengine wakiwa wamesimama nje kwenye ngazi za pembeni na juu ya bampa, mkono mmoja umeshika dirisha, na gari likaondoka kwa mwendo wa kujikokota huku mmoja wao akimwaga misumari ya mabati barabarani kuwazuia polisi, ambao hawakuthubutu kupiga risasi.

Makazi yao wakati huo yalikuwa St. Paul, Minnesota, mji uliokuwa na desturi ya miaka mingi ya polisi kuwafumbia macho wahalifu wa kutoka nje alimradi wasifanye uhalifu mjini humo. Tarehe 31 Machi maofisa waligonga mlango wa nyumba aliyopanga na mpenzi wake, Billie Frechette. Akatoka kwa rashasha, akajeruhiwa mguu, na akaenda kujiuguza. Aprili alithubutu kwenda Mooresville kwa baba yake na kula na ndugu mchana kweupe. Siku chache baadaye Billie alikamatwa Chicago, na kwa kumhifadhi mtoro akafungwa miaka miwili.

Usiku wa tarehe 22 Aprili watu wa Hoover, wakiongozwa na Melvin Purvis, walifika Little Bohemia, nyumba ya wageni kando ya ziwa kaskazini mwa Wisconsin. Mbwa wakabweka. Wateja watatu waliokuwa wamemaliza kula wakaingia kwenye gari lao, na kwa kelele za redio hawakusikia amri ya kusimama. Maofisa wakafyatua, wakamuua mmoja na kujeruhi wawili, wote wasio na hatia. Dillinger na wenzake wakapitia dirisha la nyuma na kufuata ukingo wa ziwa gizani. Nelson, katika nyumba nyingine ya jirani, akamuua ofisa W. Carter Baum. Hamilton alipigwa risasi siku iliyofuata huko Minnesota, akafa baada ya siku chache. Mapambazuko yaliwakuta maofisa wameshika wanawake watatu tu wa genge.

Aibu ile ilifanya kazi ambayo hotuba zilikuwa zimeshindwa kuifanya. Tarehe 18 Mei 1934 Rais Roosevelt alitia saini sheria zilizofanya kupora benki zilizo chini ya mfumo wa serikali kuu, kumuua ofisa wake, na kukimbilia jimbo jingine kukwepa mashtaka, yote kuwa makosa ya serikali kuu. Mwezi mmoja baadaye maofisa wakapewa rasmi silaha na mamlaka ya kukamata. Mpaka wa jimbo, uliokuwa mlango wa Dillinger wa kutokea, ukawa ukuta upande wake. Juni hiyohiyo akatangazwa adui wa umma namba moja, na donge nono la dola 10,000 likawekwa kwa atakayemkamata, na 5,000 kwa atakayetoa habari.

#9 Mchangiaji

Na fedha zote hizo zilikwenda wapi? Maana tajiri wa wizi huwa hatuoni mwisho wake.

#10 Mtoa mada

Zilikwenda kwa wanaoishi juu ya majambazi, ndugu yangu. Mawakili, wenye nyumba za kujificha waliotoza kodi mara nyingi zaidi ya kawaida, wauza magari na silaha, madaktari wasiouliza maswali. Mwishoni mwa Mei alilipa dola 5,000 kubadilishwa sura na daktari aitwaye Wilhelm Loeser, katika nyumba ya mtu huko Chicago. Dawa ya usingizi ikamzidi, akaacha kupumua, ikabidi wahangaike kumrudisha. Vidole vikachomwa kwa tindikali ili alama zifutike. Alama hazikufutika zote, na sura haikubadilika sana. Alipouawa alikutwa na dola zisizofika 10 mfukoni, ingawa wapo wanaoamini kwamba mkono fulani ulitangulia mfukoni humo.

Aliyemwuza ni mwanamke aliyejulikana kama Anna Sage, mzaliwa wa Romania, jina lake halisi Ana Cumpănaș, aliyekuwa ameendesha madanguro Indiana na akakabiliwa na amri ya kufukuzwa Marekani. Kupitia kwa mpelelezi wa polisi wa East Chicago aliyemfahamu, Martin Zarkovich, alipeleka kwa Purvis pendekezo lake: atamtoa Dillinger, naye aachwe abaki nchini. Mtu aliyejificha kwa kuvuka mipaka akauzwa na mtu aliyeogopa kuvushwa mpaka.

Jumapili ya tarehe 22 Julai 1934 Chicago iliungua kwa joto. Dillinger alikwenda na Sage na msichana aitwaye Polly Hamilton kwenye jumba la sinema la Biograph, barabara ya Lincoln, lililokuwa na ubaridi wa mashine, kuangalia filamu ya majambazi. Sage alivaa sketi ya rangi ya chungwa ambayo chini ya taa ilionekana nyekundu, na ndiyo maana hadi leo anaitwa mwanamke aliyevaa nyekundu. Walipotoka, yapata saa nne na nusu usiku, Purvis aliwasha sigara nene kama ishara. Dillinger akahisi, akaingiza mkono mfukoni na kukimbilia kichochoro. Maofisa watatu walifyatua. Risasi moja iliingia nyuma ya shingo na kutokea chini ya jicho la kulia. Watu wakachovya leso katika damu yake iliyobaki chini, na siku iliyofuata maelfu wakapanga foleni mochwari kumwangalia.

Sage alipata dola 5,000. Ruhusa ya kubaki hakuipata. Mwaka 1936 alirudishwa Romania, na akafia huko mwaka 1947. Wenzake Dillinger kadhaa nao hawakumaliza mwaka: Van Meter aliuawa St. Paul mwezi Agosti, Makley akauawa Septemba akijaribu kutoroka gereza la Ohio kwa bastola iliyochongwa kwa sabuni, Pierpont akakalishwa kiti cha umeme Oktoba, na Nelson akafa Novemba baada ya kuua maofisa wawili, mmoja wao akiwa ni miongoni mwa watatu waliofyatua risasi pale Biograph.

#11 Mchangiaji

Kuna wanaodai aliyeuawa pale hakuwa yeye. Unalisemaje hili?

#12 Mtoa mada

Silikubali. Alama za vidole, pamoja na tindikali yote ile, zililingana vya kutosha, na dada yake Audrey aliutambua mwili kwa kovu la utotoni mguuni. Tofauti zinazotajwa za sura zina maelezo mepesi kwa mtu aliyepasuliwa uso wiki nane kabla.

Madai yalifufuka mwaka 2019, pale baadhi ya jamaa zake walipoomba kufukua kaburi lililoko Crown Hill, Indianapolis, ili kupima vinasaba. Idara ya afya ya Indiana ilitoa kibali, lakini uongozi wa makaburi ukapinga, shauri likatupwa mahakamani Desemba mwaka huo, na Januari 2020 ombi likaondolewa. Hata lingekubaliwa, kazi isingekuwa nyepesi: baba yake, kwa kuogopa wezi wa maiti, alikuwa ameagiza jeneza lifunikwe kwa zege lililochanganywa na vyuma chakavu.

Mwenye swali juu ya Nelson au juu ya genge la Lamm aliweke hapa, nitalijibu nikipata nafasi.